Una bima Marekani, mbona unalipa tena?

Ndugu zangu wa Bombo, Uganda, mmeniuliza swali la haki: mtu mwenye bima huku analipaje tena kwa daktari, na akitozwa kupita kiasi, kwa nini hela hairudi siku hiyohiyo kwenye simu?

Bima ya huku haifuti gharama. Inakatwa kwenye mshahara wangu, na bado nikifika kliniki natoa sehemu yangu papo hapo mapokezi. Hiyo wanaiita kopei. Halafu bima nyingi zina kiwango cha mwaka cha kumaliza kwanza kwa mfuko wako ndipo zianze kubeba matibabu mengi. Sisi tuliozoea vituo vya serikali, ambako ada ilifutwa mwaka 2001, jambo hili linatuchoma. Sisemi vya kwetu vina dawa kila siku. Mnajua mnavyoandikiwa karatasi mkanunue nje ya geti.

Sasa la kurudishiwa. Nilimpeleka mwanangu kupimwa afya ya mwaka na kuchanjwa. Dada wa mapokezi akadai dola 40 kabla hatujaketi, karibu laki moja na nusu za Uganda. Nikalipa kwa kadi. Baadaye bima ikaleta barua: kliniki imedai kiasi gani, bima imelipa kiasi gani, na chini kabisa, mgonjwa anadaiwa 0. Ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo, maana sheria ya afya ya 2010 inazibana bima nyingi zilipie chanjo na vipimo vya kinga bila kumtoza mgonjwa, mradi daktari yumo kwenye orodha ya bima hiyo.

Wengi wetu huitupa barua ile kwa sababu imeandikwa kwamba si bili. Jamani, msiitupe! Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe ndilo hilo. Kliniki haikunitafuta. Nilipopiga simu kwa watu wao wa malipo, wakaniambia hela ibaki kwao, itakatwa nikija tena. Nikakataa kwa heshima: irudi kwenye kadi. Nikawatumia barua na risiti, nikaandika jina la niliyeongea naye na tarehe. Ikabidi nipige tena. Ikarudi.

Kwa hiyo mama mdogo, mwezi ule nilipotuma pungufu, hela ilikuwa imekaa kwao. Sikuwa nimekusahau.

Anayehama nyumba awe macho zaidi. Kliniki nyingine hurudisha hela kwa hundi inayotumwa kwa posta, na ikienda anuani ya zamani bila kuchukuliwa, baada ya miaka kadhaa fedha hukabidhiwa serikali ya jimbo. Kila jimbo lina ofisi ya mali zisizodaiwa, na kutafuta jina lako kwenye tovuti yake ni bure. Kama yupo aliyewahi kuishi huku akarudi Bombo au Arua, mpeni simu atafute.