Kisiki Uani: Maswali Yenu na Majibu

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: mti umeshakatwa, kuni zimeshabebwa, na katikati ya ua kimebaki kisiki ambacho watoto wanajikwaa kila jioni. Nimechagua maswali yaliyojirudia zaidi. Ombi langu kwenu nyote ni hili: kabla hujashika shoka, amua pale pataka kuwekwa nini. Anayetaka kujenga hana budi kutoa kisiki na mizizi yake minene. Anayetaka nyasi tu hana sababu ya kuvunja mgongo, maana kukikata chini ya usawa wa ardhi na kukifukia kunamtosha.

Nilikata mwarobaini miezi mitano iliyopita. Kila nikifyeka machipukizi, yanarudi mengi kuliko mwanzo. Huu mti umekufa au haujafa?

Haujafa, ndugu yangu. Ulichoondoa ni shina. Mizizi bado imejaa chakula ilichojiwekea wakati mti una majani, na hicho ndicho kinachosukuma machipukizi. Mwarobaini, mkaratusi, mlusina na miti mingi ya majani mapana ina tabia hiyo. Misonobari kwa kawaida ikikatwa haichipui tena.

Kosa linalofanyika sana ni kungoja machipukizi yafike magotini ndipo panga lije. Kufikia hapo majani yameshalipa deni: yamerudisha chakula mizizini, na wewe umepalilia tu. Yang'oe yakiwa na urefu wa kidole, kwa mkono, ukiyavuta kuelekea chini ili yabanduke pamoja na kitako chake. Panga huacha kitako, na kitakoni mna macho mengine yanayosubiri. Pita kila wiki au mbili bila kuacha. Menya pia gome lote mpaka chini ya udongo, kisha funika kisiki kwa nailoni nene nyeusi uizungushie mawe. Inaweza kuchukua mwaka au zaidi, lakini mizizi isiyolishwa huishiwa.

Ukiamua kutumia dawa ya kuua magugu, yenye glaifoseti au traiklopa, jua kwamba jeraha la miezi mitano halinywi kitu. Kata upya kipande chembamba juu ya kisiki, kisha paka dawa kwa brashi ndani ya dakika chache, kabla mti haujaziba. Usipake katikati, kwani kule ni mti mkavu usiopitisha kitu. Paka ule mzunguko mwembamba ulio jirani na gome, maana ndiko kwenye uhai. Fuata vipimo vya kwenye chupa, vaa glavu, na usifanye hivyo mvua ikiwa karibu. Tena tazama jirani: miti ya aina moja iliyo karibu mara nyingi mizizi yake huungana chini kwa chini, na dawa ya kisiki inaweza kuua mwarobaini mwingine unaoupenda.

Sina mashine. Nina sururu, shoka na vijana wangu wawili. Tunaanzia wapi?

Mmetosha kabisa. Kama mti bado umesimama, mkate mkiacha shina la mita moja au moja na nusu. Shina hilo ndilo mpini wenu, maana kisiki kilichokatwa usawa wa ardhi hakina pa kushikwa.

Kwanza hakikisheni hakuna bomba la maji, waya wa umeme wala shimo la maji taka jirani. Jioni ya kuamkia kazi, mwagieni udongo maji ya kutosha. Asubuhi chimbeni mtaro kukizunguka kisiki, hatua moja kutoka kwenye shina, wenye upana wa kutosha mtu kuingiza miguu na kurusha shoka. Msiogope kwamba mizizi imezama hadi kuzimu. Kwenye miti mingi sehemu kubwa ya mizizi iko ndani ya sentimita 60 za juu, ikitambaa pembeni.

Nilipokuwa kijana nilipambana na kisiki cha mwembe siku nzima, na shoka likawa butu kabla ya adhuhuri. Mjomba wangu akaja na ndoo mbili za maji, akauosha mzizi mmoja mpaka ukabaki mwekundu safi kama umepigwa msasa. Akaniambia nipige hapo. Nilikuwa nakata mchanga siku nzima, si mti. Chembe moja ya mchanga huharibu makali kuliko mapigo mia ya mti mtupu. Tangu siku ile sikati mzizi usiooshwa, na nawasihi nanyi msiukate.

Kila mzizi mnene ukateni mara mbili: mara moja upande wa nje wa mtaro, mara ya pili karibu na shina. Kipande cha katikati kikitoka mnapata nafasi ya kufanya kazi. Mkikata mara moja tu, mzizi hubaki umebana pale pale na kuwazuia. Mkimaliza mzunguko wote, sukumeni shina huku na huku. Likitikisika kidogo kisha likakataa, kuna mzizi unaoshuka wima katikati. Lisukumeni lilalie upande mmoja, chimbeni chini yake upande ulioinuka, na mkate mzizi huo kwa msumeno mnaokubali utiwe mchanga.

Sasa kisiki kimeachia lakini kimo shimoni, kizito kuliko nguvu zenu. Msikivute. Chukueni mtaimbo, uwekeni juu ya jiwe au gogo karibu na ukingo, inueni upande mmoja, na mwenzenu asukumie udongo chini yake na kuushindilia. Inueni upande wa pili, sukumieni udongo. Kisiki kitapanda kidogo kidogo, kikikanyaga udongo uleule mliouchimba, mpaka kifike juu na shimo liwe limejifukia lenyewe. Nimeona watu watatu wakitoa hivyo kisiki ambacho watu wanane walishindwa kukibeba. Mkono wa mtu usiingie chini ya kisiki kilichoinuliwa hata kwa sekunde. Tumieni beleshi.

Nimeshauriwa nitoboe mashimo nijaze chumvi ya jikoni. Wengine wanasema oili chafu ya gari. Ipi bora?

Hakuna hata moja, mama. Chumvi inaweza kuua mizizi, lakini haiozeshi mti, na inabaki kwenye udongo. Mvua ikiitawanya, bustani iliyo chini yake inakauka nawe unabaki na kisiki pamoja na kiwanja kisichoota. Oili chafu ndiyo mbaya zaidi, maana ina mabaki ya vyuma vya injini na huzama kuelekea maji ya chini.

Anayeozesha mti ni kuvu, na kuvu anataka unyevu, hewa na naitrojeni. Mpe hivyo. Kata kisiki chini kabisa, toboa kwa keekee mashimo yenye upana wa kidole gumba na kina cha sentimita 20 hadi 30, yaachane kwa sentimita chache, ujaze samadi iliyolowa au mbolea yenye naitrojeni. Juu weka udongo na majani makavu, umwagilie wakati wa kiangazi. Watu wengine hutumia potasiamu nitreti kwa kazi hiyohiyo, lakini jua kwamba kemikali hiyo huchochea moto, kwa hiyo kisiki kilichojazwa hakitakiwi kukaribiwa na jiko. Njia hii haina haraka. Mti laini unaweza kuchukua miaka michache, mgumu hata zaidi ya kumi. Uyoga ukiota juu yake ni dalili njema kwa kazi, lakini usiupike kama hujaujua.

Vipi kukichoma moto?

Kisiki kibichi hakiungui. Kinatokota tu na kufukiza mtaa mzima. Kikavu cha mwaka au zaidi huungua, na hapo ndipo hofu yangu inapoanza, kwa sababu moto hufuata mizizi. Juu unaona majivu na unakwenda kulala, kumbe chini mzizi unafuka polepole siku kadhaa, pengine wiki, na hutokea pembeni penye nyasi kavu au chini ya ukuta wa banda. Usichome karibu na nyumba, uzio, bomba la gesi wala kwenye udongo mweusi wenye mboji nyingi, maana udongo huo wenyewe unaweza kushika moto. Ulizia kwanza kama sheria ya mahali ulipo inaruhusu.

Petroli usiiguse. Mvuke wake hutambaa chini na kulipuka kabla mkono wenye kiberiti haujarudi nyuma. Na kama kisiki ni cha mwembe, mkorosho au mwoleanda, sahau moto kabisa: moshi wa hiyo miwili ya kwanza huwasha macho, ngozi na kifua, na wa mwoleanda una sumu.

Anayechoma licha ya yote hayo achome kwa mkaa uliorundikwa juu ya kisiki, siku isiyo na upepo, maji yakiwa kando, na asiondoke. Akimaliza afukue majivu, amwage maji, akoroge, amwage tena, na aguse udongo kwa nyuma ya mkono siku inayofuata.

Naweza kukivuta kwa gari?

Nakusihi usivute. Mnyororo au kamba ikikatika chini ya mvuto hurudi kwa kasi ya risasi, na bampa halikuundwa kwa kazi hiyo. Watu wamekufa hivyo. Kama mizizi yote imeshakatwa, mtaimbo na udongo vitakitoa. Kama haijakatwa, gari litaharibika kabla ya kisiki.

Kisiki changu kiko mita moja tu kutoka ukuta wa nyumba. Fundi anataka kuchimba mpaka mizizi yote itoke.

Mzuie. Mizizi iliyopita chini ya msingi imeshajaza nafasi yake, na ukiivuta unafungua shimo chini ya nyumba. Kata kisiki chini, ua uhai wake kama nilivyoeleza juu, acha mizizi ioze taratibu. Kama udongo wako ni mfinyanzi, kumbuka pia kwamba mti mkubwa ulikuwa unafyonza maji mengi kila siku. Ukiondoka, mfinyanzi hunywa maji na kuvimba, na kuta zinaweza kupata nyufa. Ukiona ufa mpya, mwite mhandisi mapema. Na kagua mchwa mara kwa mara, kwa sababu kisiki kinachooza jirani na nyumba ni ghala la chakula chao.

Tumekodi mashine ya kusaga kisiki. Baada ya hapo naweza kupanda mti palepale?

Mashine hula sentimita 15 hadi 30 chini ya ardhi, na mizizi ya pembeni hubaki. Vaeni miwani na buti, na watoto wakae ndani, maana meno ya mashine hurusha mawe. Mtapata rundo la unga na vipande kubwa kuliko shimo lenyewe. Msilirudishe lote shimoni. Vipande vya mti vikichanganyika na udongo, viumbe vinavyoviozesha hunyang'anya naitrojeni na mimea hugeuka manjano. Vitandazeni juu, kuzunguka miti mingine, na shimo mjaze udongo mzuri. Mti mpya uupande hatua kadhaa kando, hasa kama wa zamani uliugua mizizi.

Na kisiki cha mnazi?

Hicho hakichipui, kwa kuwa uhai wake ulikuwa kileleni. Hakina mzizi mkuu, kina mizizi mingi sana myembamba kama kamba, kwa hiyo mtaimbo na panga kali vinatosha. Ila usikiache kioze juu ya ardhi kama una minazi mingine. Mbawakawa mwenye pembe hutaga humo, na watoto wake wakikomaa hupanda kutoboa minazi hai. Kitoe, kipasue, kikaushe.

Fundi anasema tumwage zege la baraza juu ya kisiki, kitaozea humo humo.

Kitaoza kweli, na hapo ndipo patakapobaki uwazi na baraza kupasuka. Toeni kisiki na mizizi minene, kisha jazeni udongo kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ilowe kidogo na ishindiliwe mpaka kisigino kisizame. Ndipo zege.