Mtoto jicho linakimbilia nje, mbona wanasema mengi huingia ndani?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Tanga, mwanangu ana miaka 3. Akichoka, au tukiwa juani, jicho la kushoto linakimbilia nje upande wa sikio, ukimwita linarudi. Kila nikisoma naona makengeza ya watoto mengi ni ya kuingia ndani puani. Je hili letu ni la ajabu? Na sisi Waafrika tuna aina gani zaidi?

JIBU: Marahaba dada. Sio la ajabu kabisa. Hayo uliyosoma si uongo ila yametoka sana kwa watoto wa Ulaya na wazungu wa Marekani, na huko miaka mingi kliniki zao zimejaa watoto wa jicho kuingia ndani, sasa ukienda kwa watoto wenye asili ya Asia ya Mashariki mambo yanageuka kabisa. Singapore walipima watoto wa Kichina wa miezi 6 hadi 72, wakakuta wenye makengeza ni asilimia 0.8 tu, na kati yao wa jicho kutoka nje walikuwa 7 kwa kila 1 wa kuingia ndani. Saba kwa moja dada! Kwa hiyo mama wa Singapore angeshangaa la kuingia ndani.

Kwa watu weusi, hesabu nzuri ninazozijua ni za Marekani. Los Angeles watoto weusi wenye makengeza walikuwa asilimia 2.5, Walatino asilimia 2.4, na Baltimore weusi asilimia 2.1 wakati wazungu 3.3. Ndani na nje zilikaribiana, hakuna iliyoiacha nyingine mbali. Ila mtoto wa Baltimore si mtoto wa Tanga, kwa hiyo usiichukue hiyo namba ukasema ndiyo yetu.

Kwanini inatofautiana? Sababu kubwa mojawapo ni namba ya macho. Mtoto mwenye plasi nyingi (namba ya wanaopata shida zaidi kuona karibu), lenzi ya jicho lake inabidi ijikaze ili aone vizuri, na ubongo umeunganisha kule kujikaza na kuvuta macho yote mawili kuelekea puani, basi akikaza sana jicho moja linavutwa ndani moja kwa moja. Hii hutokea sana kuanzia miaka 2 au 3, na wengine wakipewa miwani tu macho yananyooka bila kisu. Sehemu ambayo watoto wengi wana plasi kubwa, utawakuta wengi wa kuingia ndani. Lakini plasi haielezi kila kitu, kuna urithi, kuna kuzaliwa njiti, kuna mama kuvuta sigara akiwa mjamzito. Makengeza ya jicho kwenda juu au chini ni machache kuliko yote kila mahali, mara nyingi utaona mtoto anainamisha kichwa bega moja.

Na hesabu zenyewe zinategemea nani amehesabiwa. Ukihesabu hospitalini, la kutoka nje mara moja moja linapungua, maana wazazi hawalioni au wanasema atakua, nalo litaisha. Upande wa pili kuna vichanga wenye pua pana na kingozi kinachofunika kona ya jicho, wanaonekana wana makengeza ya ndani na hawana. Ukimulika tochi, alama ya mwanga inakaa palepale katikati ya mboni kwa macho yote mawili.

Sasa la mwanao. Jicho kukimbilia nje akichoka au akiwa juani ni picha halisi ya jicho la kutoka nje la mara kwa mara. Tatizo ni kwamba akifika kwa daktari akiwa ameamka vizuri na ana hamu ya kuangalia vitu, jicho linanyooka na unaambiwa hana kitu. Mrekodi kwa simu jioni akiwa amechoka, anaangalia mbali, uso wote uonekane. Nenda na hiyo video, na uombe apimwe miwani akiwa amewekewa matone ya kutanua mboni, maana kwa umri huo bila matone namba inadanganya. Watapima pia kama jicho la kushoto limeanza kuwa jicho vivu (ubongo umeacha kulitumia, likawa halioni vizuri), hapo umri ndio unahesabika sana, kabla ya miaka 7 linaitikia vizuri zaidi. Na ukiona kwenye picha ya flashi mboni moja ina weupe, usisubiri zamu ya kliniki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.