Barua kwa mwanangu anayekwenda kusomesha GIS

Chake Chake, Pemba

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako nimeupata. Unasema umepewa darasa la mwaka wa kwanza pale chuoni Tunguu, wengi wao hawajawahi kugusa GIS, yaani mfumo wa kompyuta wa kuweka na kuchora taarifa za mahali, na wiki ya kwanza unataka uwafungulie programu wabonyeze wenyewe, waone ramani zinavyopendeza. Kisha umeniuliza mawili: uanzie wapi, na jee, mfumo huu wa taarifa za kijiografia una sayansi ndani yake au ni ufundi wa kompyuta tu?

Anza na mkarafuu.

Wape shamba lolote la Pemba katika zile eka tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, uwaambie walichore. Watazungusha mpaka, poligoni moja, yaani umbo lililofungwa pande zote, na kwenye jedwali watajaza jina la mwenye shamba. Watadhani wamemaliza. Hapo waulize: na mikarafuu ni ya nani? Kwetu mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na haki ya kuitumia ardhi, na mikarafuu iliyosimama juu yake ikawa ya mwengine, na sheria ya ardhi ya 1992 inalitambua jambo hilo. Basi ile poligoni yenye jina moja inasema uongo, hata kama mpaka wake umepimwa mpaka sentimita ya mwisho. Itabidi waamue: kila mti uwe nukta, na kila nukta iwe na mwenyewe? Mti ukianguka na ukapandwa mwengine pale pale, ni nukta ile ile? Warithi wakiwa watano, jedwali litawaandika vipi? Waache wabishane mpaka saa ya kipindi iishe. Kompyuta haitawaamulia hata moja katika hayo, na wakiyaamua vibaya itawachorea ramani nzuri kabisa ya kitu kisichokuwepo.

Hapo ndipo uwaambie kwamba mfumo una njia mbili za kuishika dunia. Ya kwanza ni hiyo ya nukta, mistari na poligoni, kila kimoja na sifa zake jedwalini. Ya pili ni gridi ya vijisanduku, kila kisanduku na thamani yake, kama zilivyo picha za satelaiti. Kisanduku cha picha za satelaiti za Landsat kina mita 30 kwa 30. Nyumba, ua na miembe miwili huingia humo vikatoka rangi moja. Kwa njia ya pili wape udongo. Wakulima wetu wanajua kichanga, kinongo na kinamo bila ya maabara, lakini hakuna anayeweza kukuonyesha pa kusimama mguu mmoja kwenye kichanga na mwengine kwenye kinongo. Udongo hubadilika polepole. Ukiupigia mstari, huo mstari umeuleta wewe.

Pwani nayo hivyo hivyo. Unguja, upande wa Paje na Jambiani, maji ya bamvua yakipwa utaona mashamba ya mwani mbali kabisa, na baada ya saa sita pote ni bahari. Picha iliyopigwa asubuhi na iliyopigwa adhuhuri zitakupa visiwa viwili vya ukubwa mbalimbali. Mwanafunzi atakayekwambia ufukwe umeliwa mita kadhaa tangu mwaka fulani, muulize kwanza picha zake zilipigwa maji yakiwa wapi.

Sasa nivumilie kidogo kwa la upimaji, maana ndiyo kazi iliyonilisha. Latitudo na longitudo si namba zilizoandikwa juu ya ardhi. Zinategemea umbo la dunia ulilokubali kupimia, ndiyo datumu. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya datumu ya Arc 1960, na GPS iliyomo kwenye simu za wanafunzi wako inatumia datumu nyengine, WGS 84. Chukua namba za ile uzisome kwa hii, mahali patahama kiasi cha mita 300. Hizo zinatosha kukitoa kisima shehia hii ukakitia ile, au kuutupa mnazi baharini. Unguja na Pemba zote zimo katika kanda moja, ya 37 kusini, ya UTM, ule mfumo unaoigawa dunia katika kanda za kuchorea ramani, kwa hiyo hapo hawana udhuru. Faili lisilosema datumu yake wasilipokee, hata likitoka kwa mkubwa.

Kuhusu sayansi. Mfumo wa kwanza ulizaliwa Kanada miaka ya 1960, mwanajiografia Roger Tomlinson alipotaka kompyuta ilinganishe ramani za ardhi ya nchi ile, kazi ambayo kwa mikono ingekula watu na fedha bila kiasi. Huo ulikuwa chombo. Mwaka 1970 mwanajiografia mwengine, Waldo Tobler, akasema kila kitu kina uhusiano na kila kitu, lakini vilivyo karibu vina uhusiano zaidi kuliko vilivyo mbali. Mwaka 1992 mwenzao Michael Goodchild akaandika kwamba nyuma ya chombo yamo maswali yanayostahili kuitwa sayansi: namna ya kuiwakilisha dunia, namna makosa ya kipimo yanavyosafiri kutoka tabaka moja la ramani hadi jengine, namna jibu linavyogeuka ukibadilisha mipaka ya maeneo. Mimi naona hilo la mwisho peke yake linatosha. Hesabu wagonjwa kwa wilaya, kisha wahesabu kwa shehia, uone kama utapata ramani moja.

Watakwambia habari ya daktari John Snow na kipindupindu cha London, 1854, kwamba alichora vifo ramanini akaliona bomba la maji la Broad Street. Isimulie, ila isimulie sawasawa. Snow alikuwa ameshaandika miaka mitano kabla kwamba maradhi yale huenea kwa maji. Ramani ilimsaidia kuwathibitishia watu jibu alilokuja nalo. Sisi tulioviona visima vyetu wakati wa kipindupindu tunalielewa hilo kwa haraka.

Programu watumie QGIS, haina malipo na wataenda nayo nyumbani. Picha za droni mnazo: ule mradi wa kuichora Zanzibar ulioanza 2016 uliwashirikisha Kamisheni ya Ardhi na chuo chenu, na wanafunzi wenyewe walirusha. Waonye tu kwamba picha inayoonyesha sufuria uani inaonyesha pia ua wa mtu. Na nukta ya mgonjwa wa malaria juu ya paa la nyumba, kwenye shehia ambayo watu wote wanajuana, haina haja ya jina ili mwenyewe ajulikane.

Wiki ya pili wapeleke nje. Kabla hamjaingia kijijini, piteni kwa sheha. Kila kundi liorodheshe visima vya eneo lake, na kwanza liandike kisima ni nini: kilichokauka kimo? Cha chumvi? Cha ndani ya nyumba ya mtu? Makundi yatarudi na hesabu tofauti. Usiwasahihishe siku hiyo.

Mama yako anakusalimu, na anataka kujua kama Idi utakuja na boti au na ndege.

Baba yako