Anko Anajibu: Wenzangu wanasema Namibia ni mbali

*Anko shikamoo. Mimi niko kwa kikundi cha vijana wa kanisa huku Umoja, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tukimaliza ibada tunakaa tunajadili kitu, mara siasa, mara mahusiano. Mwezi huu nilipendekeza tuongee kuhusu Waherero na Wanama wa Namibia, venye Wajerumani waliwamaliza, juu nilisoma hio story kwa simu nikiwa kwa mat na usiku usingizi ukakataa. Walinicheka! Mmoja akasema hayo ni mambo ya 1904, mwingine akauliza kama Namibia ndio watatulipia rent. Niwaanzie wapi? – Kijana wa Umoja*

Marahaba kijana wangu. Huyo wa rent usimkasirikie, mwisho wa mwezi kila mtu anaongea hivyo.

Usianze na namba. Ukisema Waherero walikuwa karibu 80,000 na wakabaki kama 15,000, watu wataguna mmh halafu warudi kwa simu zao. Anza na karatasi. Tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri, na amri yenyewe iko hadi leo, ikisema ndani ya mipaka ya Ujerumani, yaani koloni lao hapo Namibia, kila Mherero, awe na bunduki au hana, awe na ng'ombe au hana, atapigwa risasi, na kwamba wanawake na watoto hawapokei tena, watafukuzwa warudi kwa watu wao au wafyatuliwe risasi. Wasomee polepole. Halafu uwaambie huyo jamaa alitoka wapi, juu hapo ndipo watainua vichwa: kuanzia 1894 alikuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani hapa jirani Tanganyika. Mazoezi alifanyia kwetu.

Sasa ndio uwaeleze kilichotokea. Agosti 1904 Waherero walipigwa pale Waterberg, walikuwa wamejaa hapo na familia zao na mifugo yao, na njia waliyoachiwa ya kutorokea ilikuwa inaelekea jangwa la Omaheke, wakaingia huko na Wajerumani wakafuata nyuma wakalinda visima ili mtu asirudi kunywa maji. Wengi walikufa kwa kiu, sio kwa risasi. Samuel Maharero, mkubwa wao, alivuka na wachache hadi nchi ambayo leo ni Botswana. Amri ilipofutwa na Berlin mwisho wa mwaka huo zikafuata kambi za kufungia watu, na mbaya zaidi ilikuwa Shark Island, pale Lüderitz, mwamba tu unaopigwa na upepo baridi wa Atlantiki, ndio Wanama wengi waliishia huko. Kuna wanawake walilazimishwa kuchemsha vichwa vya maiti, vya watu wao, na kukwangua nyama kwa vipande vya chupa ili mafuvu yapelekwe Ujerumani yakapimwe. Mengine yamerudishwa juzi juzi tu, 2011, 2014 na 2018. Na hio Shark Island leo ni mahali pa kupiga kambi, watalii wanalipia nafasi ya hema wanachoma nyama.

Picha usiweke. Najua mtu atakwambia bila picha vijana hawasikii, lakini nyingi ya zile picha zilipigwa na upande wa wauaji na zingine zikauzwa kama postikadi, kwa hivyo ukizitupa kwa grupu ya WhatsApp unawasaidia kusambaza. Ukitaka sura, tafuta ya Hendrik Witbooi, kiongozi wa Wanama, mzee na kofia yake na kitambaa cheupe, iko hadi kwa noti za Namibia. Na huyo mzee aliandika sana barua, hivyo huwezi sema watu wake hawakuwa na la kusema.

Huyo wa "mambo ya 1904" mjibu na tarehe mbili. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuliwa na Waingereza kule Nandi 19 Oktoba 1905. Witbooi alikufa vitani 29 Oktoba 1905, siku kumi baadaye. Na Wanandi hadi leo wanadai kichwa cha Koitalel kilipelekwa Uingereza na wanataka kirudi, sijasikia mtu akiwaambia hio ni ya kitambo. Ama mpeleke Uhuru Park umuonyeshe ile sanamu ya Mau Mau. 2013 Waingereza walikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa miaka ya hamsini, na wale wazee walipigania hio kesi wakiambiwa hivyo hivyo, ati yameisha.

Kitu kingine, msijifanye wasemaji wao. Mwaka 2021 Ujerumani ilikubaliana na serikali ya Namibia kutoa euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na viongozi wengi wa Waherero na Wanama wakakataa, juu wanasema hawakuketishwa kwa meza na pesa zenyewe zimeitwa misaada ya maendeleo badala ya fidia. Waambie vijana wako hivyo, wajue wenyewe wanataka nini. Mkikosa nafasi mwezi huu, subirini 28 Mei, ndio siku Namibia imeanza kuadhimisha tangu 2025, kwa kukumbuka 28 Mei 1907, tarehe inayohusishwa na amri ya kufunga zile kambi.

*Anko kwani si Waherero ndio walianza? Nimesoma waliua wazungu zaidi ya mia. Hio si ni vita tu kama vita zingine? – Msomaji, South B*

Walianza ndio, Januari 1904, baada ya miaka ya kunyang'anywa mashamba na ng'ombe na kufungwa na madeni ya wafanyabiashara. Na waliua zaidi ya 100, hilo halifichwi. Lakini karibu wote walikuwa wanaume, juu Maharero alikataza watu wake kugusa wanawake, watoto na wamishenari. Linganisha na amri ya Oktoba halafu uniandikie tena. Tena angalia mpangilio: Waterberg ilikuwa Agosti, vita na Waherero kimsingi viliisha hapo, amri ikaja baadaye, kwa watu waliokuwa tayari wanatoroka jangwani bila maji.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 1985 iliyataja kama mauaji ya kimbari. Ujerumani ilingoja hadi 2021, na hata hapo ikasema ni mauaji ya kimbari "kwa mtazamo wa leo", yaani mawakili walikuwa wamekaa pembeni wanachunga lugha, juu sheria ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ni ya 1948 na wakikubali moja kwa moja mlango wa korti unafunguka.