Mikono Miwili ya Kushoto

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama akili yako itarudi, maana korona imekutoka miezi minne sasa na bado maneno yanakupotea yakiwa ulimini, na juzi umelipa bili moja mara mbili. Ukauliza pia, kwa kuzungukazunguka, kama ndiyo unaanza kurukwa na akili. Hurukwi.

Mimi nilipougua mwaka 2021, homa iliisha upesi. Nikarudi kwenye cherehani, nikakata mikono ya gauni la mteja, yote miwili ya kushoto. Na mkasi nimeushika tangu hujazaliwa! Nikaificha chini ya vitambaa, baba yako asiione. Miezi mitano sikumwambia mtu. Hilo ndilo ninalolijutia, kitambaa kilinunuliwa kingine.

Oktoba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya hali hii, na matatizo ya kufikiri yakatajwa humo pamoja na uchovu na kukosa pumzi. Mwaka 2022 watafiti wa Oxford walilinganisha picha za ubongo zilizopigwa kabla na baada ya korona, wakakuta mabadiliko hata kwa waliougulia nyumbani. Madogo, usianze kulia.

Nenda kwa daktari, ila usimwambie "nasahau" tu, nani asiyesahau? Mweleze habari ya ile bili. Mwombe apime damu, tezi ya shingo na vitamini B12, na umwambie unavyolala na dawa unazomeza, kwani hayo nayo huvuruga kumbukumbu na yanarekebishika. Lakini mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakigoma kutoka, hilo ni jambo jingine: kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Mimi nilikuwa nakata asubuhi tu, kichwa kikiwa chepesi. Mchana ni pindo na vifungo. Na nilipumzika kabla sijachoka. Hapo utanibishia, nakujua, lakini kila nilipojikaza niliishia kitandani siku mbili tatu.

Nafuu ilikuja kidogo kidogo, kwa mwaka na ushei. Wengine huwahi, wengine huchelewa, kwa hiyo sikuwekei tarehe. Mpaka leo kila mkono ninaoukata nauandika kwa chaki, "kulia" au "kushoto". Ile miwili bado ninayo kwenye droo, ukija nitakuonyesha.

Mama yako