Uliza Tujibu: Mama wa Birere na 510 510

SWALI: Jambo ndugu wa gazeti. Niko mama muuza maharagi pale Birere, Goma. Mwisho wa mwezi nilijumlisha kaye yangu, telefoni ikanitolea franga 510 510. Mtoto wangu wa sekondari kuona vile akaruka, "Mama, iyi namba iko na kitu!" Kueleza akashindwa. Iko na kitu gani?

JIBU: Mama, mtoto ameona vizuri sana, umpe pongezi. Tuanze na ile ya macho: namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili mfululizo, 510 halafu 510 tena, ni sawa na kuizidisha mara 1 001, na 1 001 ni 7 mara 11 mara 13, kwa hiyo hata ungeuza 264 264 ingegawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13 bila kubakiza kitu, jaribu utaona.

Sasa 510 yenyewe ni 2 mara 3 mara 5 mara 17. Unganisha zote: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17. Hizo njo namba tasa saba za kwanza, yaani namba kubwa kuliko 1 zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kwa masomo wanasemaka nomba premye, na kila moja imeingia mara moja tu, hakuna iliyorukwa, hakuna iliyorudiwa. Namba ndogo kuliko iyi yenye kubeba namba tasa saba tofauti haiko! Vigawo vyake vyote, yaani namba zenye kuigawa bila kubakiza kitu, ni 128.

Weka hizo franga mezani, waje watu 7: kila mtu 72 930, hakuna baki. Watu 17: 30 030. Watu 4 inakataa, zinabaki franga 2, sababu ile 2 iliingia mara moja tu. Halafu ongeza franga 1, iwe 510 511, na hapo zote saba zinakataa, kila moja inabakiza 1. Euclid, Mgiriki wa miaka kama 2 300 iliyopita, njo kwa njia hii alionyesha namba tasa haziishi. Wengi wanakosea hapa, wanasema basi 510 511 yenyewe ni tasa. Hapana mama, ni 19 mara 97 mara 277, lakini angalia vizuri, zote tatu ni tasa mpya, kati ya zile saba hazikuwemo.

Na kuna ile mimi ninapenda kupita zote: 714 mara 715 inatoa 510 510. Mwaka 1974 kule Marekani, kwa mchezo wa besiboli, mchezaji Hank Aaron alifika home run 715, yaani mapigo ya mpira yenye kumwezesha mpigaji kuzunguka uwanja wote, akapita rekodi ya mchezaji wa zamani Babe Ruth ya 714, na mtu wa hesabu Carl Pomerance akazikamata hizo namba mbili. Jumlisha tasa zenye kuzidishwa kutoa 714, yaani 2+3+7+17, unapata 29. Za 715, yaani 5+11+13, 29 tena!

Mtoto azidishe 13 mara 21 mara 34 mara 55, halafu atuandikie amepata ngapi.