Kabla hujafuta picha ya kereng'ende, itazame mishipa ya bawa

Nilipoanza kupiga picha za kereng'ende kwenye vinamasi vya kusini mwa Ujerumani, vidoa vyeusi mabawani vilinikera. Nilidhani ni uchafu wa lenzi, nikafuta picha nyingi ambazo leo nazililia. Kisha siku moja nikaikuza moja kwenye kompyuta. Kidoa kilikuwa na miguu, na tumbo limevimba kama la kupe aliyeshiba.

Alikuwa usubi, Forcipomyia paludis, mwenye urefu wa milimita mbili hivi, aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu wa wadudu Macfie mwaka 1936. Ni wa ukoo mmoja na usubi wanaotuuma sisi jioni. Anayefyonza ni jike tu. Hutoboa mshipa wa bawa, kwa kuwa mle ndani hupita damu ya mdudu, isiyo nyekundu kama yetu, wala hang'atuki kereng'ende anaporuka. Fikiria bawa lile linavyopigapiga, naye ameng'ang'ania!

Ukitaka kumwona, nenda alfajiri, Juni au Julai, umande ukiwa bado majanini. Kereng'ende huwa amepoa na hawezi kuruka haraka. Anza kutazama karibu na shina la bawa, halafu inama uchungulie na upande wa chini. Mwanga ukitoka nyuma ya bawa, usubi huonekana wazi.

Usimchanganye na utitiri wa majini. Hao ni wekundu au rangi ya chungwa, hawana mabawa, na hujikusanya kama vipunje vya ulezi chini ya kifua au tumbo. Wao humpanda kereng'ende pale anapotoka majini na kujivua gamba.

Na tafadhali, usimbandue usubi. Msimu wangu wa kwanza nilimwonea huruma kereng'ende mmoja, nikachukua kibano. Bawa likachanika, na bawa la kereng'ende aliyekomaa haliponi. Nilimrudisha kwenye tete, akabaki palepale hadi nilipoondoka. Usubi naye ana haki ya kuishi. Wenzake wa jenasi hiyohiyo, yaani kundi la Forcipomyia, ndio huchavusha maua ya mkakao, na mkulima wa kakao wa Kyela, Tanzania, anawahitaji.

Piga picha tu, kisha andika: tarehe, mahali, aina ya kereng'ende, usubi wangapi, na wako kwenye bawa lipi.